Muziki Juu ya Maneno ya Mzee Lupakisyo

Hildegarda hakuwa mtu wa kukasirika ovyo. Hivyo ndivyo alivyojisema mwenyewe, na aliyethubutu kumbishia alisemwa mpaka akajuta. Mtaani Mkwatani, pale Kilosa, walimwita Mama Goodhope kwa jina la mwanawe wa kwanza, lakini akigeuka tu wakamwita Mama Kamera, na yeye alijua, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Mwanamke gani mwingine wilaya nzima alibeba kamera ya video begani miaka yote hiyo, akasimama mgongoni kwa paroko, akapanda juu ya viti vya watu ukumbini, akamwambia bwana harusi aliyekwisha kula kiapo, "Hebu rudia kumvisha pete, baba, mkono wako ulikuwa umeziba"? Hakuna. Wanaume walioanza naye kazi hiyo mmoja alihamia kwenye bodaboda, mwingine akahamia kwenye pombe.

Alizaliwa Kimamba, baba yake akikata mkonge. Alianza na picha za pasipoti: ukuta mmoja uliopakwa bluu, kiti kisicho na mgongo, na amri moja, "Usicheke." Mwaka 2010 mradi mmoja wa maji ulifungwa, wenyewe wakauza vitu vyao kabla ya kuondoka, na Hildegarda akauza cherehani zake mbili akanunua kamera. Ilikuwa kamera ya HD, ya kwanza Kilosa, na alihakikisha kila mtu amejua hivyo. Ilitumia kaseti ndogo zinazolingana na kiberiti. Picha yake, jamani! Ungeweza kuhesabu jasho kwenye pua ya mshenga.

Kilichomchosha roho kilikuwa kuzihamisha hizo picha. Kaseti ya saa moja huingia kwenye kompyuta kwa saa moja kamili. Huwezi kuiharakisha, huwezi kuibembeleza. Unachomeka waya, unabonyeza, unakaa unaitazama harusi ya watu upya kuanzia mwanzo, pamoja na yule mtoto aliyemwaga soda na yule mjomba aliyesimama mbele ya lenzi dakika nne. Harusi moja kaseti tatu. Kisha ndiyo uanze kukata na kuunga.

Na katika kukata na kuunga huko ndipo alipojipatia jina. Maana sherehe za Kilosa zina mambo ambayo watu wanataka kuyaona mara mia, kama maharusi kuingia, keki, na akina mama kuyarudi magoma. Na zina jambo moja ambalo hakuna anayetaka kuliona hata mara moja, nalo ni nasaha za wazee. Mzee akishakabidhiwa kipaza sauti, hakuna wa kumnyang'anya. Atawasalimu wageni kwa makundi, atamshukuru Mungu, atakumbuka njaa, atakumbuka vita vya Kagera, bwana harusi anasinzia. Wateja wakamrudishia DVD: "Mama Goodhope, hapa kwenye wazee pamepooza. Pachangamshe." Basi akapachangamsha. Aliishusha sauti ya mzee hadi mwisho, akamwaga wimbo wa kwaya juu yake, na mzee akabaki anachezesha midomo na kunyoosha kidole huku maua yakipita pembeni mwa skrini. Watu walifurahi sana. Mpaka wapiga video wa Dumila wakaiga, na Hildegarda akawaita wezi.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano mwaka huu, alikuwa anahangaika na picha za kipaimara, Magreth akaingia. Magreth ni mkulima wa mpunga, mama wa watoto wanne, mtu mpole mpaka anaudhi.

"Shikamoo Mama Goodhope."

"Marahaba. Kama ni kipaimara bado, nilisema Ijumaa, na Ijumaa ni Ijumaa."

"Si kipaimara." Akatoa DVD kwenye mkoba, imefungwa kwenye kanga kama yai. "Ni harusi ya kaka yangu Deogratias, ya mwaka 2012. Nimekuja kuomba maneno ya baba."

Hildegarda alimkumbuka baba mwenyewe, Mzee Lupakisyo, mtu wa Tukuyu aliyeletwa Kilosa na kazi ya reli akazeekea hapo. Alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Magreth akaeleza, na alieleza polepole, Hildegarda akimhimiza kwa kichwa. Mzee aliacha shamba la ekari tatu Tindiga, kando ya mfereji, na Magreth ndiye aliyelilima na ndiye aliyemuuguza mzee miaka sita. Deogratias sasa analitaka. Anasema desturi ya kwao mtoto wa kike harithi ardhi, na kwamba baba alimwachia Magreth alitunze tu mpaka hapo Deogratias mwenyewe atakapolihitaji. Magreth anasema sivyo. Baba alisimama kwenye harusi ile ile ya Deogratias, kipaza sauti mkononi, akasema shamba ni la Magreth.

"Si watu walikuwepo ukumbini?"

"Walikuwepo. Wengine wamekufa. Wengine walikuwa kwenye foleni ya chakula. Waliobaki wanasema ndiyo, kuna jambo la shamba lilisemwa, lakini hawakumbuki ni jambo gani." Magreth akashusha pumzi. "Mwezi jana kwenye kikao cha ukoo nikapeleka hii DVD. Nikawaambia, haya, baba mwenyewe huyu hapa, msikilizeni. Baba anazungumza, kwaya inaimba. Shangazi yangu mmoja akaanza kupiga makofi kuifuata kwaya. Watu walicheka, Mama Goodhope. Nimeitwa mwongo mbele ya watoto wangu."

"Sasa mimi nifanyeje? Ninyi wenyewe ndio mnaotaka muziki!"

"Mimi sikutaka," alisema Magreth. "Kikao cha mwisho ni Jumamosi. Nisipokuwa na maneno ya baba, Deo anachukua shamba, anasema msimu huu huu."

Ukimwona Hildegarda anainuka bila kujibu, ujue amechokozwa. Aliingia uvunguni akatoa sanduku la bati, akaanza kuchambua kaseti akizitaja na kuzilaani. Nyingi alikuwa amerekodi juu yake harusi nyingine, na juu ya hiyo nyingine tena. Lakini Mungu si Athumani. Chini kabisa ilikuwepo imeandikwa kwa kalamu nyekundu: DEO NA TERESIA, YA PILI.

"Basi tuiweke kwenye kamera tusikilize," Magreth alisema, uso umechangamka.

Wazo la busara, na lilimkera Hildegarda hasa kwa sababu lilikuwa la busara. Kamera ile ilikuwa imeanguka kutoka begani kwake kwenye send-off moja kule Rudewa. Tangu siku hiyo skrini yake ni giza, spika yake ni bubu, tundu la hedifoni limelegea, na mlango wa kuchomeka kwenye televisheni ulikwisha ng'oka zamani. Ulibaki mlango mmoja tu uliokuwa mzima, ule wa waya wa kuingizia picha kwenye kompyuta. Na kompyuta yake ya zamani, iliyokuwa na tundu la waya huo, ilikunywa maji mwaka yalipoingia mafuriko ndani, ikafa. Laptop aliyonayo sasa ni nyembamba, nzuri, ina matundu mawili, na hakuna hata moja linalokubaliana na kitu chochote alichowahi kumiliki.

Siku mbili akazunguka. Innocent, fundi kompyuta wa sokoni, alimjaribishia kichomekeo cha kuunganisha, kikakataa. Wakaweka kichomekeo juu ya kichomekeo, vitatu vimefuatana, laptop ikatoa mlio mmoja wa kuaga na kunyamaza. Innocent akakuna kidevu, akasema kwa upole unaoweza kumuua mtu, "Mama, shikamoo tena, lakini kwa nini usirekodi kwenye memori kadi?"

"Harusi imepita miaka kumi na mitatu, baba wa watu kafa, bibi harusi ana watoto watatu, wewe unaniambia memori kadi! Nimfufue mzee aje ahutubie upya?"

"Nashauri tu, mama."

"Usishauri. Tengeneza."

Hakutengeneza. Jumatano jioni Hildegarda akakumbuka kuwa huko Mikumi yuko Yassin, aliyekuwa akipiga video za watalii zamani, na kwamba Yassin hatupi kitu. Akampigia. Yassin akamsalimia, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za reli mpya, za goti la marehemu mume wake ambalo hata mwenye nalo hayupo tena kulijibia. Halafu ndipo akasema, "Kompyuta ipo, dada yangu. Kama inawaka, hilo sijui."

Alhamisi alfajiri wakapanda gari, Hildegarda na Magreth, kamera imepakatwa, kupitia kijiji cha Ulaya hadi Mikumi. Walifika saa tatu na nusu. Yassin aliwapokea kwa furaha yote, na mkewe Shamimu naye akawapokea kwa furaha yote, na hiyo furaha ndiyo iliyomtia Hildegarda wazimu, maana nyumba ile mgeni haguswi na kazi kabla hajala. Chai ikaja. Maandazi yakaja. Ilipoonekana wameshiba, likaja sinia la wali.

"Kaka Yassin, tuna haraka."

"Haraka haraka haina baraka, dada yangu. Nyama hiyo, usiiache."

Magreth alikula akishukuru. Hildegarda alikula kama anayelipiza kisasi.

Saa tano kasoro ndipo Yassin alipofunua kitambaa cha kufuma na kompyuta ikaonekana, kubwa, ya kijivu, yenye vumbi kwenye kila tundu. Iliwaka! Ilichukua dakika ishirini kuwaka, ikadai kuwa leo ni tarehe moja Januari mwaka 2002, ikaomba neno la siri ambalo Yassin alikuwa amelisahau na Shamimu akalikumbuka kutoka jikoni. Tundu la waya lilikuwepo. Hildegarda alichomeka, akabonyeza, na kwenye skrini likatokea lango la ukumbi wa mwaka 2012, puto nyekundu na nyeupe, picha safi kana kwamba ni ya juzi.

"Peleka mbele mpaka kwa baba," alisema Magreth.

"Thubutu!" Yassin aliinua mikono. "Kaseti ya miaka hii yote imekauka. Ukiikimbiza inakatika. Ivute pole, mara moja, tangu mwanzo."

"Kwa muda gani?"

"Saa moja."

"Video ya simu mbona inakwenda mara moja?"

Hildegarda alifungua mdomo kueleza, akaufunga. Alikuwa amelieleza jambo hilo kwa wateja mamia na hakuna hata mmoja aliyewahi kuelewa. "Hii si simu," akasema. "Na sauti hutaisikia sasa. Mtambo huu unavuta kimyakimya, sauti tunaisikia mwisho. Kaa."

Wakakaa. Maharusi wakaingia bila sauti. Keki ikakatwa bila sauti. Magreth akawa anataja watu kadiri wanavyopita: huyu shangazi, huyu marehemu, yule naye marehemu, huyu yuko Morogoro. Hildegarda alikuwa akitazama kona ya skrini, zile tarakimu za dakika. Thelathini. Thelathini na mbili. Kwenye ya thelathini na nne Mzee Lupakisyo akainuka, suti ya kahawia iliyompwaya, akapokea kipaza sauti kwa mikono miwili. Magreth akashika ukingo wa meza.

Skrini ikawa nyeusi.

Nyumba nzima ikanyamaza, feni ikasimama. Kutoka chumba cha pili Shamimu akauliza, "Yassin, mbona pasi imezima?"

Alikuwa amechomeka pasi. Alikuwa na sare za watoto wa jirani za kunyoosha, akachomeka pasi, na waya za nyumba ile hazikuweza kubeba pasi na ile kompyuta pamoja. Dakika thelathini na nne zilikuwa zimekwenda na maji, maana kompyuta ikizimika kabla hujabonyeza kuhifadhi, kilichovutwa chote si kitu. Hildegarda akasimama katikati ya chumba akasema mambo ambayo mtu hasemi kwenye nyumba aliyokula wali. Alimsema Yassin, akaisema pasi, akamsema aliyegundua umeme.

"Wifi, mimi ningejuaje?" Shamimu alitokea mlangoni, mikono kiunoni. "Ndani ya nyumba yangu niombe kibali cha kupiga pasi?"

Ilikuwa kweli tupu, na ukweli haukumsaidia mtu. Wakairudisha kaseti mwanzo, polepole, kamera ikigugumia ndani kama tumbo la njaa. Yassin akachukua kiti akaketi mlangoni kwa mkewe, kulinda kila soketi. Wakaanza tena. Maharusi wakaingia. Keki ikakatwa. Kwenye dakika ya ishirini picha ikapasuka vipande vya mraba, na Hildegarda akabana kifuniko cha kamera kwa kidole gumba, vipande vikarudi mahali pake, na hakukiondoa kidole hicho tena. Kilikufa ganzi. Magreth hakutaja watu safari hii.

Mzee akainuka. Alizungumza kwa muda mrefu, kama wanavyozungumza. Mkono ukamwelekea Deogratias, kisha ukaelekea upande waliokaa ndugu wa kike. Halafu jambo ambalo Hildegarda hakulikumbuka kabisa: mzee akaacha meza, akaja moja kwa moja kwenye lenzi, uso ukajaa skrini nzima, akawa anaongea na kamera yenyewe. Alinyamaza, kana kwamba anasubiri kujibiwa. Akaongea tena. Akatikisa kichwa kuridhika, akarudi kuketi.

"Alikuwa anasema na nani?" Magreth aliuliza.

"Sijui. Ngoja."

Kwenye dakika ya hamsini na mbili kamera ilitoa mlio mkali na kusimama. Ilipofunguliwa, utepe wa kaseti ulikuwa umezongwa kwenye magurudumu yake, umejikunja na kukatika mahali pawili. Kaseti imekufa. Lakini safari hii kompyuta ilikuwa hai, na Yassin alibonyeza kuhifadhi, akasema "Bismillahi," ikahifadhi.

Wakarudisha pale mzee anapoinuka. Yassin akaongeza sauti.

Ilianza kelele za ukumbi, vijiko na watoto. Kisha sauti nzito yenye lafudhi ya Tukuyu. Mzee alisalimia wageni kwa makundi. Alimshukuru Mungu. Aliikumbuka njaa. Magreth alikuwa amefumba macho. Halafu:

"Deo mwanangu, leo umepata mke, nimefurahi. Ile nyumba ya karibu na reli ni yako, nimekwisha kukupa. Lile shamba la Tindiga, la mferejini, nimempa Magreth. Ni lake, na baada yake ni la watoto wake. Nalisema leo kwa sababu leo mpo wote."

Magreth alitoa sauti ndogo. Hildegarda alitaka kupiga kigelegele, lakini mzee alikuwa bado hajamaliza. Vishindo vya viatu vilikaribia, sauti ikawa kubwa, karibu.

"Wewe mama wa mashine. Hiyo inashika maneno, au picha tu?"

Na hapo ikasikika sauti ya mwanamke, karibu zaidi kuliko ya mzee. "Inashika vyote, baba."

"Mimi sijui kuandika. Reli walinipa nyundo, hawakunipa kalamu. Kwa hiyo nayaweka humo. Watu watasahau. Wewe utanitunzia?"

"Nitakutunzia, baba. Endelea tu."

Hildegarda aliijua sauti ile. Aliijua na namna yake pia, ule upole wa kumalizana na mtu huku macho yako kwenye alama ya betri. Alikuwa amemjibu mzee bila kumsikia. Wiki moja baadaye alikuwa amekaa mezani kwake, akamwona anaongea dakika kumi na moja nzima, akamshusha sauti bila hata kusikiliza alichosema.

"Alikuambia wewe," alisema Magreth.

Wateja walitaka, kila mpiga video anafanya, si mimi niliyeanza. Yote yalimjia Hildegarda mdomoni na yote yalikuwa ya aibu. Yassin alinyanyuka akaenda kumsaidia mkewe kukunja nguo.

Jumamosi kikao kikakaa kwenye nyumba ile ya karibu na reli, barazani kwa Deogratias. Mkubwa wa kikao alikuwa Mzee Urbanus, aliyefanya kazi ya reli na marehemu tangu ujana. Mkewe Deogratias, Teresia, aligawa maji na kuketi nyuma, karibu na mlango. Hildegarda akaweka juu ya stuli laptop aliyonakilia ile video ya Mikumi, akachomeka spika ya kuazima, na mara hii hakuna aliyepiga makofi. Walimsikiliza marehemu mpaka mwisho. Shangazi alilia kwa kwikwi.

Deogratias aliketi akitazama miguu yake. Kisha akainua kichwa.

"Wazee wangu, kwa heshima yote. Siku hizi kompyuta inamsemesha hata maiti. Mmeona wenyewe kwenye simu zenu, watu wakubwa wanasemeshwa mambo ambayo hawajawahi kuyasema. Mbona kwenye DVD tuliyopewa mwaka ule haya maneno hayamo? Yametoka wapi wiki hii, dada alipoyahitaji?"

Minong'ono ikapita. Kuna vichwa viliitikia, na Hildegarda aliviona. Kaseti yenyewe ilikuwa imekatika, haiwezi tena kumshuhudia mtu. Magreth alimtazama Hildegarda, na hakumwomba chochote.

"Hiyo sauti ya mwanamke anayemjibu marehemu," Mzee Urbanus aliuliza, "ni ya nani?"

Barazani hapo walikuwepo watu aliowapigia harusi, na wengine alikuwa amekwisha kuahidiana nao za mwezi wa nane. Angeweza kusema kaseti ilikuwa na hitilafu. Wangeamini, hakuna mwenye kujua habari za kaseti.

"Ni yangu," Hildegarda alisema. Akasimama, maana kukaa kulimshinda. "Ni yangu, mzee. Marehemu aliniomba nimtunzie maneno yake, nikamwambia nitatunza. Nilimjibu ili amalize haraka, betri ilikuwa inakwisha. Sikumsikiliza. Nilipofika nyumbani nikaona anaongea sana, nikamzima, nikaweka kwaya. Na si yeye peke yake. Wazee wenu wengi nimewafanya hivyo. Huyu Magreth mmemwita mwongo, na ni mimi niliyemfanya mwongo."

Shangazi aliacha kulia akamkodolea macho.

"Mtu hatungi uongo wa kujivua nguo hivi," alisema Mzee Urbanus polepole. "Deo?"

"Bado nasema imetengenezwa. Mimi nilikuwepo. Baba hakusema hivyo."

"Alisema." Ilikuwa sauti ya nyuma, karibu na mlango. Teresia alikuwa na jagi la maji mikononi. "Nilikuwa pembeni yako nimevaa shela. Nilisikia yote, na miaka yote nimenyamaza kwa kuogopa kuivunja nyumba yangu."

Deogratias alimgeukia. "Wewe unasema nini?"

"Nasema nilisikia. Na wewe ulisikia, Baba Salome. Alipotaja Tindiga ulinibana mkono mpaka pete ikanikata."